Ngoma kwa mgonjwa wa Parkinson, namna ya kuanza nyumbani

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa mazoezi ya viungo hapa Unguja, na nna wazee wangu wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaofanya mwendo uwe mzito, ambao wengi wamefika kwangu wameshachelewa, kwa sababu nyumbani walisema uzee tu huo, au kuna mtu kamfanyia kitu. Naandika kwa ajili yenu mnaokaa nao, watoto, wakwe, wajukuu, maana mie namuona mara moja kwa wiki lakini nyie mnaye usiku na mchana.

Kwanza mjue kwa nini ngoma. Ndani ya ubongo mna seli zinazotengeneza kitu kinaitwa dopamini, na kwenye ugonjwa huu seli hizo zinakufa kidogo kidogo, sasa dopamini ikipungua zile harakati ambazo mwili ulikuwa ukizifanya bila kuzifikiri, kutembea, kugeuka kitandani, kufunga vifungo vya kanzu, zinakuwa ndogo na nzito. Mguu haukupooza, nguvu unazo, ila amri ya kuanza haifiki kwa wakati. Mdundo unaotoka nje, ngoma, makofi, hata kuhesabu kwa sauti, unamsaidia mtu kuanza kwa njia nyengine.

Siku moja nimeenda kwa bibi mmoja nikamkuta kaganda kwenye mlango wa ukumbini. Mjukuu wake anamvuta mikono kwa mbele, na kila akivuta visigino vya bibi vinanyanyuka, vidole vimeng'ang'ania sakafu, kifua kinaelemea mbele, hapo bado kidogo aanguke na kifudifudi. Nikamwambia mwanangu muachie. Nikasimama ubavuni mwake nikapiga makofi taratibu na kuimba wimbo wa harusi ambao nilijua anaujua, yeye akatulia, akaanza kujiyumbisha kulia kushoto, na kwenye pigo la nne akanyanyua goti akakivuka kizingiti. Yule mjukuu alikaa chini akalia.

Si jambo nimelizua mie. Huko Brooklyn, Marekani, tokea 2001 kundi la ngoma la Mark Morris linawafundisha wagonjwa wa Parkinson kucheza, na St. Louis, huko huko Marekani, wataalamu wamewafundisha tango, ngoma ya watu wawili wawili ya Argentina, wakaona mizani ya mwili na mwendo vinapata nafuu. Tango ina kwenda nyuma, kusimama ghafla, kuanza tena, kugeuka, yaani yote yanayomshinda mgonjwa. Sie tango hatuna lakini tuna ngoma zetu, lelemama, kidumbaki, ngoma ya ndege, na Pemba wana msewe. Ila nisikudanganye, ngoma haiponyeshi Parkinson na haishiki nafasi ya dawa.

Hatua ya kwanza ni saa, na hapa ndo niliwahi kukosea mie mwenyewe. Nilimchezesha mzee mmoja alasiri dawa yake ilikuwa imeshaisha nguvu, akaanguka, alhamdulillah hakuvunjika kitu lakini mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Kama anatumia levodopa, dawa kubwa ya ugonjwa huu, cheza wakati dawa imeshika, kwa wengi ni kama saa moja baada ya kumeza, kwa hiyo akimeza saa mbili asubuhi nyie anzeni saa tatu. Muulizeni daktari pia kuhusu chakula, maana nyama, samaki na maharage yakiliwa pamoja na dawa yanaweza kuizuia isiingie vizuri. Na Ramadhani tafadhali, msimuache mzee akate dawa ghafla kwa ajili ya funga, ni hatari kweli, zungumzeni na daktari na sheikh wenu mapema kabla mwezi haujaandama.

Pili, mahali. Kunja mkeka na busati, mgonjwa anaburura miguu na ukingo wa mkeka unamkamata. Kandambili hapana, viatu vilivyofunga kisigino. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu, kanzu vile vile. Kiti kiwe kizito chenye mikono, ukiegemeze ukutani. Yale ya plastiki yanateleza na yanapinduka, yaacheni kwa wageni.

Tatu, anzeni mmekaa, na msikimbilie kusimama hata mzee akiwa na hamu. Lelemama ndo nzuri mno hapa kwa sababu uzuri wake wote uko mikononi. Anyooshe mikono mbele, viganja vigeuke juu na chini, vidole vifunguke vyote kama anaonyesha hina, halafu mikono iende upande mmoja na kiwiliwili kifuate. Mwambie KUBWA. Yeye mwenyewe anaona mkono wake umefika mbali kumbe umefika nusu, basi weka kiganja chako hewani pale unapotaka afike aje akiguse. Kama ana cherewa, ile ya kutikisa ikalia, ashike, kama hana, chupa tupu ya maji yenye mchele kidogo ndani inatosha. Na aimbe, kwa nguvu mpaka jirani asikie, maana sauti nayo inafifia kwenye ugonjwa huu. Dakika kumi hivi.

Wapo wazee hawataki muziki kabisa, na mie siwalazimishi. Kwa hao tunatumia dufu na kasida, au makofi na kuhesabu tu. Mzee aliyewahi kukaa kwenye safu ya maulidi ya homu, yale mawimbi ya kuinama na kuinuka pamoja yamo mwilini mwake tokea ujana, ukimwekea mdundo ule pole pole utaona mgongo uliokuwa mgumu kama mbao unaanza kulainika. Na wanawake wacheze na wanawake wenzao, mtu akiona haya mwili unakaza na kazi yote imepotea.

Nne, kusimama. Asogee mbele kwenye kiti, miguu iwe nyuma kidogo ya magoti, pua ielekee mbele, hesabuni moja mbili tatu juu. Akishasimama msubiri kidogo hapo hapo, pressure huwa inashuka, akisema kizunguzungu arudi kukaa. Weye kaa ubavuni mwake nyuma kidogo, upande wake ulio dhaifu, usimshike viganja kwa mbele. Kabla ya hatua yoyote ayumbe kwanza, uzito kulia, uzito kushoto, kwa mapigo manane.

Tano ndo kutembea na ngoma. Mhesabu hatua zake kwa dakika moja akitembea kawaida, tuseme 80, basi tafuta wimbo unaokwenda hapo hapo, wala msianze na kidumbaki kilichochanganya maana mdundo ukienda mbio hatua zinakuwa fupi fupi na anaanza kujikimbiza. Kisigino kitue mwanzo. Ule mwendo wa ngoma ya ndege, wanawake na miavuli yao wakisonga mbele taratibu, ndo hasa ninaoutaka. Bandika vipande vya tepu nyeupe sakafuni, kimoja kwa kila hatua yake moja nzuri, avivuke. Mkizoea nendeni na ubavu, halafu hatua mbili za kurudi nyuma huku umemshika, si zaidi.

Kugeuka ndo kunaangusha watu wengi. Asijizungushe papo hapo juu ya mguu mmoja, aweke kiti katikati akizunguke kwa hatua nyingi kama watu wanaozunguka ngoma. Na wakati wa kugeuka nyote mnyamaze, msimuulize chai iwe na sukari au bila.

Akiganda: simama, pumua, yumba, hesabu, kanyaga. Msimvute. Msimwambie haraka.

Nusu saa mara mbili au tatu kwa wiki inatosha kwa kuanzia, akichoka acheni, na kama ameshawahi kuanguka au ana maradhi ya moyo basi daktari wake ajue kwanza. Kisha chagueni wimbo mmoja, mfupi, anaoujua tokea ujanani, huo uwe wimbo wake wa mlangoni. Mfundisheni hata mtoto mdogo wa nyumba, maana babu akiganda alfajiri anataka kwenda kutawadha, pengine huyo mtoto ndo atakayekuwa karibu.