Konsoli za Mkononi: Modeli ya Katikati Uinunue, Uingoje, au Utengeneze Uliyonayo?

Konsoli ya mkononi, yaani mashine ya gemu inayoshikwa mkononi, haikai sokoni muda mrefu kabla kiwanda hakijaileta tena ikiwa imebadilishwa kidogo: skrini nyingine, betri inayodumu zaidi, uzito uliopungua. Hiyo ndiyo modeli ya katikati. Nintendo DS ya 2004 ilifuatwa na DS Lite mwaka 2006. PSP ya Sony ya 2004 ilipata ndugu yake mwembamba mwaka 2007, na mwingine mwaka 2008. Switch ya Nintendo ilitoka Machi 2017, ikarekebishwa 2019, kisha ya OLED (skrini yenye rangi bora kuliko LCD ya kawaida) ikaja Oktoba 2021. Steam Deck ya Valve ya Februari 2022 ilipata yake ya OLED Novemba 2023, miezi 21 tu baadaye.

Je, viwanda vifanye hivyo? Ndiyo, maadamu gemu zinabaki zilezile kwa wote. Modeli mpya ikiboresha mwili wa mashine, mwenye ya zamani hapotezi kitu. Ikianza kupewa gemu ambazo ya zamani haiwezi kuzicheza, aliyenunua mapema ameonewa. Kipimo hichohicho ndicho utakachotumia ukiwa na pesa mkononi.

Tafuta kilichobadilika

Chukua karatasi, ichore mstari katikati. Upande mmoja andika mambo ya mwili: skrini, betri, uzito, hifadhi, Wi-Fi, vijiti vya kuongozea. Upande wa pili andika ubongo: chipu na RAM. Jaza tofauti za modeli mbili unazolinganisha.

Switch ya OLED inajaza upande wa mwili peke yake. Skrini imekua kutoka inchi 6.2 hadi 7, lakini ukali wa picha ni uleule wa 720p. Hifadhi imetoka GB 32 hadi 64. Mguu wa kuisimamishia ni mpana, na doki yake (kituo cha kuiunganisha na TV) ina tundu la waya wa intaneti. Chipu haijaongezewa nguvu, kwa hiyo gemu iliyokuwa ikikwama kwenye Switch ya kawaida itakwama vilevile hapa. Anayechezea kwenye TV siku zote hatanufaika na chochote zaidi ya hifadhi na tundu hilo la waya.

New Nintendo 3DS, iliyotoka Japani Oktoba 2014, ilijaza pande zote mbili. Ilikuja na RAM mara mbili ya 3DS ya awali na chipu yenye kasi kubwa zaidi. Matokeo yake, Xenoblade Chronicles 3D haikuchezeka kwenye 3DS za zamani, na gemu za Super Nintendo zilizouzwa kwa kupakua nazo zilihitaji modeli hiyo mpya. Huu ndio mfano wa kuogopa. Ukiona jina la modeli limeandikwa kwenye kasha la gemu kama sharti, jua mgawanyo umeanza.

Usisahau safu ya tatu, ya vilivyoondolewa, maana tangazo la dukani halitakutajia. DSi ya 2008 iliondoa tundu la kadi za Game Boy Advance. PSP Go ya 2009 iliondoa sehemu ya diski za UMD, hivyo diski zote ulizokuwa nazo zikawa hazina pa kuingia. PlayStation Vita ya 2013 ilikuwa nyembamba na nyepesi zaidi, ikachajiwa kwa waya wa kawaida wa Micro-USB, lakini skrini ya OLED ya mwanzo ilibadilishwa kuwa LCD. Kwa anayethamini rangi, Vita ya zamani ndiyo bora. Switch Lite ya 2019 ni ndogo na ya bei nafuu, ila haiunganishwi na TV na vidhibiti vyake vya ubavuni havitoki.

Hesabu saa za betri, na sababu yake

Switch ya 2017 hudumu saa 2.5 hadi 6.5. Ile iliyorekebishwa 2019 hudumu saa 4.5 hadi 9, na ya OLED ni hivyohivyo. Lite ni saa 3 hadi 7. Kwa gemu nzito kama Zelda: Breath of the Wild, ya kwanza hutoa takriban saa 3, ya 2019 takriban saa 5 na nusu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa wengi hupoteza pesa. Betri ya Switch ya 2017 na ya 2019 ina ujazo uleule, mAh 4310. Kilichobadilika ni chipu, iliyotengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 16 badala ya 20, ikawa inakula umeme kidogo. Fundi akikuwekea betri mpya kwenye Switch ya 2017 atakurudishia saa zake za awali, si zaidi ya hapo. Hakuna betri itakayoigeuza kuwa ya 2019.

Steam Deck OLED ilifanya yote mawili: chipu ilishuka kutoka nanomita 7 hadi 6, na betri ikapanda kutoka Wh 40 hadi 50. Saa zikatoka 2 hadi 8 zikawa 3 hadi 12. Ongeza skrini ya inchi 7.4 yenye 90Hz (picha 90 kwa sekunde) badala ya inchi 7 yenye 60Hz, Wi-Fi 6E, na uzito wa gramu 640 badala ya 669. Gemu ni zilezile kwa wote. Kati ya modeli zote za katikati, hii ndiyo iliyofanywa inavyopaswa.

Andika kwa wiki moja unachezea wapi na kwa muda gani. Zaidi ya nusu ikiwa ni kwenye TV, usilipie skrini. Ukicheza zaidi safarini, au mahali umeme unapokatika mara kwa mara, betri ndiyo ya kulipia, na kati ya Switch iliyotumika ya 2017 na ya 2019 usikubali ya 2017 ila kwa punguzo la maana.

Namna ya kutambua modeli dukani

Switch ya 2017 na ya 2019 zinafanana kwa sura, na wauzaji wa mitumba mara nyingi hawajui tofauti. Igeuze, soma maandishi madogo nyuma, upande wa chini. HAC-001 ndiyo ya 2017. HAC-001(-01) ndiyo ya 2019. HEG-001 ni OLED, na HDH-001 ni Lite. Kisha soma namba ya mfululizo (serial number) kwenye ukingo wa chini karibu na tundu la chaja: ikianza na XAW au XAJ ni ya zamani, ikianza na XKW au XKJ ni ya 2019. Kasha la ya 2019 lina rangi nyekundu mandhari yote, lakini kasha si ushahidi, kwani mashine hubadilishwa ndani yake.

Steam Deck hutambulika kirahisi zaidi: kitufe cha kuwashia cha OLED ni cha rangi ya chungwa.

Kabla hujatoa pesa

Kwenye Switch, fungua System Settings, uingie Controllers and Sensors, kisha Calibrate Control Sticks. Bonyeza kijiti, kiache bila kukigusa, utazame alama kwenye skrini. Ikitoka katikati yenyewe, kijiti kimechakaa. Kwa Switch yenye Joy-Con (vidhibiti vya ubavuni) zinazotoka, hilo ni tatizo dogo: unabadilisha Joy-Con au kijiti chake. Kwa Lite ni lazima mashine yote ifunguliwe, kwa hiyo shusha bei zaidi.

Jaribu kuchaji ukiwa na kipimo kidogo cha USB. Switch isiyo na hitilafu ikiwa na chaja yake halisi hupanda hadi volti 15. Ikibaki volti 5 na mkondo wa takriban ampia 0.4, huku TV haionyeshi picha, mara nyingi chipu inayosimamia umeme wa tundu la USB-C imeungua. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kituo cha hewa ya moto, wala si ya kubadilisha tundu tu.

Kwenye skrini ya OLED, fungua picha nyeupe tupu, halafu ya kijivu, utafute kivuli cha alama zilizoganda. Utando uliobandikwa kiwandani juu ya kioo cha Switch OLED usiubandue ukidhani ni plastiki ya kifungashio; upo ili kioo kikivunjika vipande visitapakae.

Steam Deck hukupa hali ya betri kwa tarakimu. Ingia Desktop Mode, fungua Konsole (programu ya kuandikia amri), andika `upower -d`, kisha usome energy-full na energy-full-design. Gawa ya kwanza kwa ya pili. Chini ya asilimia 80, ingiza gharama ya betri kwenye bei.

Mashine ikitoka Marekani, tazama chaja imeandikwa 100–240V. Chaja halisi ya Switch iko hivyo, kwa hiyo Tanzania, Kenya na Uganda unahitaji kibadilisha pini cha kuingia kwenye soketi ya pini tatu za bapa, huhitaji transfoma. Ukitegemea powerbank, chagua yenye USB Power Delivery. Powerbank ya kawaida ya volti 5 huchaji Switch polepole, na ukicheza gemu nzito chaji itaendelea kushuka. Steam Deck inataka wati 45.

Kama shida yako ni nafasi tu

Wengi wenye Steam Deck ya LCD ya GB 64 hutamani OLED kwa sababu hifadhi imejaa. Badilisha SSD (kadi ya hifadhi ya ndani) kwanza. Hata ile ya GB 64 imekaa kwenye kadi inayotoka. Nunua NVMe ya M.2 ya kipimo cha 2230; ya 2242 au 2280 haiingii.

Hakikisha maendeleo ya gemu zako yamepanda Steam Cloud (hifadhi ya Steam mtandaoni), na ya zile zisizotumia huduma hiyo uyanakili kwa mkono. Andaa flashi ya USB ya angalau GB 8 yenye faili ya kurudishia SteamOS, mfumo endeshi wa Steam Deck. Zima mashine, shikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwashia, ingia Setup Utility, kisha uwashe Battery Storage Mode, inayozima betri.

Sasa toa kadi ya microSD. Ndiyo, sasa, kabla ya kugusa skrubu yoyote. Ukiisahau, mfuniko wa nyuma utaivunja katikati wakati unautoa, na hili ni kosa la kawaida.

Mfuniko wa LCD una skrubu nane za bisibisi ya msalaba, nne ndefu na nne fupi. Zipange kama zilivyokaa, kwani ndefu ikiingia tundu la fupi itatoboa plastiki. OLED hutumia bisibisi ya Torx T6. Fungua mfuniko kwa kipande cha plastiki, usitumie kisu. Ondoa bamba la chuma lenye skrubu tatu, mojawapo imefichwa chini ya utepe wenye rangi ya fedha. Chomoa waya wa betri kwa kushika kiunganishi, usivute nyuzi. Kisha legeza skrubu moja ya SSD, ivute nje, na uhamishe gamba lake la chuma kwenye SSD mpya, kwani linazuia mawimbi yasisumbue Wi-Fi.

Ukishafunga, chomeka chaja ili mashine iamke. Chomeka flashi, shikilia kitufe cha kupunguza sauti na cha kuwashia, uchague flashi, usakinishe upya.

Kungoja

Switch 2 ilitoka tarehe 5 Juni 2025 ikiwa na skrini ya LCD ya inchi 7.9 ya 1080p, betri ya mAh 5220 na saa 2 hadi 6.5, yaani kwa gemu nyepesi ni saa zilezile za Switch ya 2017, na kwa gemu nzito ni pungufu. Ukiitaka kwa gemu zake zenyewe, inunue. Miaka ya kungoja ni miaka ya kutocheza. Ukiwa na Switch OLED na gemu zako nyingi ni za Switch, huna haraka. Kumbuka tu kwamba Switch 2 haipokei microSD za kawaida kwa gemu, inataka microSD Express, na Joy-Con zake hushikwa kwa sumaku, kwa hiyo za zamani hazibandiki ubavuni.

Kuhamisha bila kupoteza gemu

Kutoka Switch moja hadi nyingine, weka mashine zote mbili karibu, zikiwa kwenye chaja na mtandao. Akaunti yako ya Nintendo isiwe tayari imeunganishwa na mtumiaji kwenye mashine mpya. Ingia System Settings, Users, kisha Transfer Your User Data. Anza na ya zamani kama chanzo. Maendeleo yako yatahama kabisa, hayabaki nyuma. Gemu zenyewe utazipakua upya, kwani microSD ya mashine ya zamani haisomwi kama ilivyo. Picha ulizopiga ndizo zinazoonekana. Kisiwa cha Animal Crossing: New Horizons hakihami kwa njia hii. Kina programu yake ya kuhamishia, ipakue kwenye mashine zote mbili.

Ya kuuza usiifute siku hiyohiyo. Fungua kila gemu unayoijali kwenye mashine mpya, uone maendeleo yapo, ndipo urudi kwenye ya zamani na kuirejesha kama ilivyotoka kiwandani.