Jina moja kila mahali: matayarisho kabla ya kuomba kuuza mtandaoni ukiwa Zanzibar

Wauzaji wengi wa Unguja na Pemba wanaokataliwa kwenye masoko ya mtandaoni wana bidhaa nzuri tu. Sabuni ya mwani, mkoba wa ukili, udi uliochanganywa nyumbani, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, vyote vina wanunuzi. Kinachowaangusha ni karatasi moja kusema hivi na nyingine kusema vile. Anayekagua maombi mara ya kwanza huwa ni mashine, na mashine haiwezi kumpigia sheha simu ikauliza wewe ni nani. Inatazama kama mambo yanalingana. Yakilingana unapita, yasipolingana unarudishwa, mara nyingi kwa sentensi moja isiyoeleza kitu. Kwa hiyo kazi yenyewe iko kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

Anza na jina, na usiliharakishe. Majina yetu yana tahajia mbili mbili. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeandikwa Mwanakhamis, laini ya simu imesajiliwa Mwanahamisi, benki wameandika Mwana Khamis kwa nafasi katikati. Kwetu huyo ni mtu mmoja na hakuna anayeuliza. Kwa mashine ni watu watatu. Vivyo hivyo Khamis na Hamisi, Saleh na Salehe, Abdalla na Abdallah, Fatma na Fatuma. Weka mezani kila chenye jina lako: kitambulisho cha Mzanzibari, cha NIDA, cheti cha biashara kama unacho, kadi ya benki, na ujumbe wa simu unaoonyesha jina linalotokea mtu akikutumia pesa. Soma herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti, amua hati ipi ndiyo utakayoitumia, kisha rekebisha zile zilizo rahisi kurekebishwa. Jina la kwenye akaunti ya mtandao ni la kubadilisha dakika hiyo hiyo. La kwenye hati linataka uende ofisini na cheti cha kuzaliwa, na huko uende kabla ya kutuma maombi, maana ukienda baada ya kukataliwa utakuwa unajibu tuhuma.

Halafu kuna fomu inayotaka jina la kwanza na la mwisho. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na wengine huishia kwa baba. Fuata kitambulisho kilivyo. Kama kina majina matatu, la mwisho ni la babu. Usiweke la baba hapa na la babu kule. Na jina ambalo mtaa mzima unakuitia, Mama Rahma au Bi Shufaa wa Udi, liwe jina la duka. Lisiingie kwenye sehemu ya mwenye akaunti.

Jambo hili linawaumiza zaidi kina mama, na nalisema kwa uchungu kwa sababu linaepukika. Dada anafanya kazi yote, lakini laini anayopokelea malipo ilisajiliwa kwa alama za vidole za kaka au mume. Siku ya kuhakiki, jina la anayelipwa halifanani na la mwenye duka. Piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama ya biashara haimo, nenda wakala ukasajili yako, kisha uwaarifu wateja wako wa zamani namba mpya. Kuna usumbufu, ndiyo, lakini pesa yako itakuwa kwa jina lako.

Anwani nayo ina mitego ya kwetu. Ukiandika "Mombasa" bila kuongeza kitu, ramani itakupeleka Kenya, wakati wewe unakusudia Mombasa ya hapa Unguja. Ukiandika Magomeni peke yake utajikuta Dar es Salaam. Andika mtaa, shehia, wilaya na Zanzibar, Tanzania, kwa mpangilio ule ule kila mahali. Kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeipa mitaa mingi majina na nyumba namba. Kama kibao cha kwako hukijui, sheha ndiye wa kuanzia, na barua yake ya ukaazi ichukue siku hiyo hiyo. Kisha angalia kwenye programu ya soko unalotaka kuuzia kama nchi ya Tanzania imo kwenye orodha yao ya wauzaji. Kama haimo, acha. Kuna wanaochagua Kenya au Uingereza ili wapite, na duka likishapata wateja ndipo linafungwa pesa zikiwa ndani.

Kwa hati za biashara, sikiliza vizuri maana video nyingi za kufundisha hutengenezwa Bara. Wao husajili jina la biashara BRELA. Ukiwa Zanzibar unasajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA. Mkaguzi aliye nje ya nchi huenda hajawahi kuona cheti cha BPRA, kwa hiyo pakiwa na nafasi ya maelezo eleza kwa mstari mmoja kuwa hiyo ndiyo mamlaka ya usajili ya Zanzibar. Siyo kila soko linataka cheti. Kuuza kwenye Marketplace ya Facebook kunamtaka mtu mwenye miaka 18 au zaidi na akaunti hai yenye jina la kweli. Uhakiki wa biashara wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ndio unaotaka jina la kisheria lifanane na hati.

Ukipiga picha ya kitambulisho, kiweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, zima taa ya simu isiache doa jeupe juu ya namba, na pembe zote nne zionekane. Ukituma kwa WhatsApp kwenda kompyuta ya mtu mwingine, itume kama faili ili isififie, kisha hakikisha imefutwa kwenye kompyuta ile.

Sasa bidhaa zenyewe. Hapa wengi huona ni jambo dogo, lakini ndipo maombi mazuri yanapoharibika. Karafuu, kwa mfano. Mtu wa Wete anaona magunia yamejaa nyumbani kwao, anapiga picha na kutangaza kwa kilo kwa wateja wa nje. Karafuu za Zanzibar hununuliwa na kusafirishwa na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, na anayezipeleka nje kwa njia yake anaingia kwenye magendo. Gamba la kasa usilikaribie kabisa, hata kama ni kitana cha bibi cha miaka mingi. Mnyama huyo analindwa na sheria zetu na za kimataifa. Masharti ya biashara ya Meta yanakataza pia dawa, tumbaku na wanyama hai, kwa hiyo mbuzi wa Iddi kubwa wabaki kwa wateja wa mtaani. Manukato yenye nembo ya kampuni maarufu ambayo si ya kampuni hiyo yatakufungia duka zima, pamoja na vile vitu vyako halali.

Maneno ya maelezo nayo yana uzito huo huo. Mafuta ya habasoda yanauzika kama mafuta. Ukiandika "yanatibu kisukari" umetangaza dawa, na mashine inatafuta maneno ya namna hiyo. Kwa sabuni ya mwani eleza harufu, uzito kwa gramu na vilivyomo. Acha picha za ngozi "kabla na baada". Kama unauza chakula au vipodozi, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ndio wanaohusika; uliza taratibu zao kabla ya kuchapisha lebo elfu moja.

Picha iwe yako. Picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa muuzaji wa Dubai inatambulika, kwa sababu mashine imeshaiona mara nyingi. Piga barazani asubuhi au alasiri, bidhaa peke yake, nyuma pasafi. Kwenye orodha za Facebook na Instagram picha isipungue pikseli 500 kwa 500. Usitumie ile ya stetasi iliyoandikwa MZIGO MPYA kwa herufi nyekundu na namba ya simu katikati. Na bei iandike. Tumezoea "bei njoo inboksi", au kuweka shilingi 1 ili ipite. Soko linaichukua kama bei ya uongo, na mteja wa mbali haamini duka linaloficha bei.

Siku za kufikisha mzigo ziandikwe kwa ukweli wa bahari. Anayeuza akiwa Chake Chake hawezi kuahidi Dar es Salaam kwa siku moja wakati boti ya Mkoani haiondoki kila saa.

Jibu likija ni "hapana", soma sababu, rekebisha hicho kilichotajwa, kisha omba ukaguzi upya kupitia sehemu ya rufaa ya akaunti hiyo hiyo. Usifungue akaunti ya pili kwa simu ile ile na kitambulisho kile kile. Zote mbili zinaunganishwa na kufungwa. Atakayekuandikia kuwa anaweza kukupitisha kwa malipo, au kwamba ukurasa wako utafutwa usipobonyeza kiungo chake, ni tapeli. Namba ya uhakiki inayokuja kwenye simu yako usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa Meta. Washa uhakiki wa hatua mbili kabla hata ya kutuma maombi. Na ukikubaliwa, jina la duka na namba ya malipo viache kwanza kama vilivyo, maana kubadilisha jina hurudisha ukaguzi.