Namna ya Kulinda Ngozi Dhidi ya Saruji Mbichi

Saruji iliyochanganywa na maji ina ualkali mkali, wenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 12 hadi 13, nayo huichoma ngozi polepole kiasi kwamba fundi anaweza kufanya kazi kwa saa kadhaa kabla ya kuhisi maumivu. Kwa hiyo usisubiri muwasho ndipo unawe. Vaa glavu za mpira, kwa kuwa za kitambaa zikilowa huigandisha saruji kwenye vidole, na suruali ifunike buti kwa nje, maana zege likiingia ndani hukaa likila ngozi hadi jioni.

Nawa kwa maji safi yanayotiririka, wala si kwa ndoo inayooshewa miiko. Petroli na mafuta ya taa, ingawa hupendwa sana na mafundi, huzidisha madhara. Kisha jikaushe na upake mafuta ya mgando.

Malengelenge na mipasuko ikirudi kila unaposhika saruji, huenda ni mzio wa kromiamu, metali iliyomo kwa kiasi kidogo katika saruji, na mzio huo mara nyingi hudumu. Mwone daktari wa ngozi na umweleze kazi yako. Ngozi ikiungua, vua nguo zilizolowa, isuuze kwa angalau dakika 20, kisha uende hospitali.