Kabla mtoto hajasaini: karatasi ambazo chuo cha Marekani lazima kikuonyeshe

Jumapili moja ya Aprili 2025, baada ya ibada, mama mmoja tunayesali naye hapa Louisville alinivuta kando akatoa bahasha kwenye mkoba. Uso wote kicheko. "Baba, chuo kimempa binti yetu elfu arobaini na moja! Zimebaki elfu tano na kidogo, hizo tutachangishana." Nikamwambia, hongera mama, lakini tukae kwanza. Tukasogeza vikombe vya chai, nikaomba kalamu.

Barua yenyewe ilikuwa nzuri, ina nembo ya dhahabu na neno la pongezi lenye herufi kubwa kuliko jina la mtoto. Chini kulikuwa na mistari sita: zawadi ya chuo 14,000, ruzuku ya Pell (ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo) 7,395, mkopo mmoja 3,500, mkopo wa pili 2,000, Work-Study 2,500, na mwisho kitu kinachoitwa Parent PLUS 12,000. Jumla: dola 41,395. Kwenye barua yenyewe neno "mkopo" halikuwapo hata mara moja. Kulikuwa na "L" ndogo pembeni ya mistari miwili, na "Sub" na "Unsub", basi.

Nilichora mstari chini ya mbili za kwanza. Mama, hizi ndizo za bure: 21,395. Hizi mbili zinazofuata ni deni la binti. La 3,500, hilo la "Sub", serikali inalibebea riba akiwa bado anasoma. La 2,000, la "Unsub", riba inaanza kuhesabiwa siku pesa zinapotoka. Work-Study si pesa uliyopewa, ni ruhusa ya kutafuta kibarua hapo chuoni. Atalipwa akishafanya kazi, na asipopata kazi hapati kitu. Hiyo ya mwisho, 12,000, ni deni lako wewe, mama. Litakuwa kwa jina lako.

Akanyamaza kidogo. "Yaani mimi ndiye nimepewa zawadi ya kudaiwa?"

Ndivyo. Katika lugha ya vyuo vya huku, "msaada wa fedha" ni chochote kinachoziba bili, na mkopo unaingizwa humo humo. Ni kama mwenye duka akuandikie kwenye daftari la madeni halafu akupe mkono wa pongezi. Na si chuo hicho kimoja. Mwaka 2022 GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilichambua barua za namna hii ikakadiria kwamba vyuo 91 katika kila 100 ama havionyeshi kabisa gharama halisi ama vinaionyesha ikiwa ndogo kuliko ilivyo. Hakuna sheria inayovilazimisha vyuo vyote kutumia barua ya mfano mmoja. Ipo karatasi ya serikali inayopanga mambo vizuri, lakini kwa vyuo vingi ni hiari.

Sheria iliyopo inahusu kitu kingine, na hicho ndicho watu wetu hawakijui. Chuo chochote kinachopokea pesa za misaada ya serikali kuu kinabanwa na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1965, iliyoongezewa meno mwaka 2008. Lazima kiweke wazi gharama, misaada, asilimia ya wanaohitimu, taratibu za kuacha masomo, usalama na mengine mengi. Tena si kwa wanafunzi wake peke yao. Hata wewe unayefikiria tu kujiunga una haki ya kuona. Lazima pia kiwe na mtu au ofisi iliyotajwa wazi ya kujibu maswali hayo, na ukiomba nakala ya karatasi, wakupe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuukuta ukurasa wenyewe. Usianze na ukurasa wa mbele wenye picha za vijana wanaocheka kwenye nyasi. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo, utafute Consumer Information. Vyuo vingine vinauita HEOA, jina fupi la ile sheria ya 2008, au Student Right to Know. Usipouona, andika maneno hayo pamoja na jina la chuo kwenye Google. Utakutana na viungo vingi visivyovutia. Ndiyo vyenyewe.

Tafuta kwanza gharama ya mwaka mzima. Si ada peke yake: ada, malazi, chakula, vitabu, nauli na matumizi madogo madogo. Kwa chuo cha binti yule ilikuwa 46,800. Toa 21,395 za bure, zinabaki 25,405. Hizo ndizo za familia kila mwaka, iwe kwa mfukoni au kwa deni, wala si 5,405 alizofikiri mama. Zidisha kwa 4: dola 101,620, na hapo hatujaweka kwamba ada huwa inapanda, na kwamba zawadi ya chuo mara nyingi ina masharti ya alama. Masharti hayo nayo yaulizie: zawadi inadumu miaka mingapi, na mtoto akishuka alama inakatwa?

Tangu 2011 kila chuo kinachopokea misaada hiyo ya serikali kuu na kuandikisha wanafunzi wa shahada wa mwaka wa kwanza lazima kiwe na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Najua Watanzania mkisikia kikokotoo mnakumbuka pensheni na damu inapanda. Hiki hakina ubaya huo. Unaingiza kipato cha nyumbani na idadi ya watu, kinakupa makadirio ya utakacholipa baada ya misaada ya bure. Kitumie mwezi wa tisa au wa kumi, kabla mtoto hajatuma maombi, usingoje barua ya Aprili.

Cha pili: wangapi wanamaliza? Chuo lazima kitoe asilimia ya wanafunzi walioanza pamoja wakahitimu ndani ya mara moja na nusu ya muda wa kawaida, yaani miaka 6 kwa shahada ya miaka 4, na miaka 3 kwa chuo cha miaka 2. Usiridhike na namba ya jumla. Sheria inataka igawanywe: wanaume na wanawake, makabila kama Marekani inavyoyahesabu, na wanaopata Pell. Angalia huo mstari wa wanaopata Pell, maana ndio watoto wetu. Kama chuo kizima kinahitimisha 70 katika 100 lakini wa Pell ni 45, uliza wale wengine wanakwamia wapi. Kwa vyuo vya miaka 2 usihukumu haraka, wengi wanahama kwenda vyuo vikubwa kabla ya kuhitimu, na hilo nalo lina hesabu yake. Kama tovuti ya chuo inakuzungusha, College Navigator na College Scorecard za serikali zina namba hizo bure, na hii ya pili inaonyesha pia deni na mapato ya waliosoma hapo.

Sasa niseme la kwangu, maana hili ndilo linanifanya nikae na bahasha za watu kila Aprili.

Nilikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa kijana. Nikajiunga na chuo kimoja cha miaka miwili, jina naliacha, nikisoma mchana na usiku napakia vifurushi ghalani. Pell yangu ya muhula ilikuwa 3,000. Ada na michango 2,400. Zile 600 zilizobaki nikapewa mkononi: matairi mawili, na kiasi kidogo nikamtumia mama mdogo kambini. Siku ya 33 ya muhula mwili ukakataa. Nilisinzia kwenye usukani asubuhi moja, nikaamua niache, nitarudi muhula ujao. Nikaenda dirishani, nikajaza fomu ya kuacha, dada wa pale akagonga muhuri akaniambia "Okay, hon." Hakuongeza neno.

Wiki chache baadaye ikaja bili ya dola 1,680.

Nilidhani wamekosea. Ruzuku si bure? Ni bure, ila unaivuna kwa siku. Muhula ule ulikuwa na siku 110. Mimi nilikaa 33, sawa na asilimia 30, kwa hiyo katika 3,000 nilikuwa nimevuna 900 tu. Asilimia 70 iliyobaki haikuwa yangu. Chuo kikapiga asilimia 70 ya zile 2,400 za ada, kikairudishia serikali 1,680. Na kwa kuwa muda wa chuo wa kurudisha ada ulikuwa umeshapita, ada yote ilibaki pale pale. Pengo likawa langu. Wala hawakuniruhusu kujiandikisha tena hadi nilipe. Nililipa dola 70 kwa mwezi, miezi 24.

Ningevumilia mpaka siku ya 67, ningekuwa nimevuka asilimia 60 na ruzuku yote ingekuwa yangu. Hesabu hiyo haikuwa siri. Ilikuwa kwenye tovuti ya chuo, chini kule kwenye maandishi madogo, kwa sababu sheria inawalazimisha kuiweka. Kwa hiyo fungua ukurasa huo kabla muhula haujaanza uandike tarehe mbili kwenye kalenda ya ukutani: siku ya mwisho ya kuacha ukarudishiwa ada, na siku ya kuvuka asilimia 60. Ni tarehe tofauti, na zina sheria tofauti. Mtoto akizidiwa katikati, asiende kwenye dirisha la kuacha masomo kwanza. Aende ofisi ya misaada ya fedha aulize: nikiacha leo, nitadaiwa ngapi? Na asipotee tu bila kusema. Ukitoweka ukafeli kila somo, chuo kinaweza kuhesabu kwamba uliishia katikati ya muhula, na bili itakufuata.

Kuna pia kiwango cha maendeleo ya masomo. Kila chuo kina chake na lazima kikionyeshe. Mara nyingi ni wastani wa alama wa 2.0 kati ya 4.0 na kufaulu theluthi mbili ya kozi ulizojiandikishia. Kozi uliyoiacha njiani inahesabika kama uliijaribu. Ukishuka chini ya hapo, Pell na mikopo vinasimama, ingawa unaweza kukata rufaa ukiwa na sababu kama ugonjwa au msiba, na utaratibu wa rufaa uko humo humo kwenye ukurasa.

Mababa, hili ni lenu. Mtoto akishaingia chuo, haki ya faili lake inahamia kwake, hata kama wewe ndiye unayelipa. Ni sheria ya mwaka 1974, FERPA. Nimemwona mzee mmoja akipiga simu kuulizia alama za kijana wake, akaambiwa kwa adabu kwamba hawawezi kuzungumza naye. Alikasirika wiki nzima akidhani wamemdharau. Hawakumdharau. Kuna fomu ya ruhusa, mtoto anaisaini, mambo yanaisha. Isainiwe wiki ya kwanza, wakati bado mnapendana.

Vitabu: kwenye orodha ya kozi chuo kinatakiwa kuonyesha bei na namba ya ISBN. Chukua hiyo namba, uliza maktaba, uliza waliosoma mwaka jana.

Usalama: kila mwaka kufikia Oktoba 1 chuo lazima kitoe ripoti ya uhalifu ya miaka 3. Sheria hiyo ina jina la Jeanne Clery, binti wa miaka 19 aliyeuawa bwenini Lehigh, Pennsylvania, mwaka 1986, na wazazi wake hawakukubali yaishie hapo. Kama mtoto atalala bwenini, isome.

Na ithibati, hasa kwa vile vyuo vya matangazo ya televisheni vinavyoahidi kazi haraka. Uliza nani amewapa ithibati, na chuo kikuu cha serikali cha jimbo lako kitapokea kozi zao mtoto akitaka kuhama? ITT Technical Institute ilifunga matawi yake yote Septemba 2016, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na kozi ambazo vyuo vingi havikuzitambua.

Wale mlioko Dar, Nairobi au Bukavu mnaopanga kuja kwa viza ya mwanafunzi: Pell na mikopo hii ya serikali hamtapata, msidanganywe na wakala. Lakini kurasa nilizozitaja ziko wazi kwenu pia. Na FAFSA, fomu ya kuomba msaada, haina malipo. Anayekutoza kuijaza anakula pesa yako.

Jumapili ile hatukumaliza kwa hesabu peke yake. Jumatatu binti alipiga simu chuoni, mama yuko pembeni, mimi nimetoka zamu macho mekundu. Tulikuwa tumemwandikia maneno: naomba kwa maandishi gharama ya mwaka mzima, masharti ya zawadi hii, asilimia ya wanaopata Pell wanaohitimu, na taratibu zenu za kuacha masomo. Alihamishwa simu mara tatu. Wa nne akamuuliza kama yeye ni mwanafunzi wao. Akajibu, bado, ndiyo maana nauliza.

Karatasi zilifika kwa posta baada ya siku nane. Chuo chenyewe binti hakwenda. Anasoma chuo kikuu cha serikali, anapanda basi kutoka nyumbani. Ila mama hakuzitupa zile karatasi. Yuko nazo kwenye faili la plastiki, pamoja na za UNHCR.