Kitabu cha picha cha kanga moja: namna ya kukitengeneza na kukisoma na watoto

Ukitaka watoto wa miaka 5 hadi 8 waelewe kuishi kwa kiasi, maneno kama "tamaa" na "kuridhika" yaache kwanza. Wape kitu kimoja wanachokijua, wakione kikibadilishiwa kazi ukurasa baada ya ukurasa. Kanga (leso, kwa watu wa Mombasa) inafaa sana: ina pindo pande zote, mji katikati na jina (maandishi yake) kwa chini, hivyo mtoto ataitambua hata ikibaki kipande.

Vifaa. Karatasi 4 za A4, boksi jembamba la jalada, sindano nene, uzi mzito wa sentimita 60, msumari mdogo, penseli na krayoni. Makapeni usitumie, wino wake hupenya upande wa pili.

1. Kunja na upange namba. Kunja kila karatasi katikati, kisha zipachike moja ndani ya nyingine. Unapata kurasa 16. Kabla ya kuchora chochote, andika namba kwa penseli kwenye kona, 1 hadi 16, ukifunua kama unayesoma. Hapa ndipo wengi huharibu: huchora karatasi ikiwa peke yake, na wakija kushona, mwisho wa hadithi unatangulia mwanzo. Karatasi ya nje kabisa hubeba ukurasa wa 1, 2, 15 na 16.

2. Chora picha saba. Ukurasa wa 1 ni wa kichwa cha kitabu. Picha zikae kulia tu: 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15.

Mfuatano unaoeleweka ni huu: doti mpya (kanga mbili zilizoungana) iliyokunjwa, doti imekatwa na mama amejifunga moja huku shangazi akijifunga nyingine, kanga ya mama imekuwa mbeleko, mtoto amejifunika usiku, imechanika na inashonwa, kipande kimeviringwa kuwa kata chini ya ndoo ya maji, kipande cha mwisho kinafuta meza.

Mji uwe na alama moja rahisi, tuseme korosho moja kubwa, na ionekane katika kila picha. Rangi nayo ipauke kidogo kidogo: krayoni ikandamizwe mwanzoni, mwishoni iguswe tu. Ndiyo sababu nakala ya fotokopi nyeusi na nyeupe haifai kwa kitabu hiki.

Jambo moja la kuamua mapema: nyumba ya picha isiwe ya dhiki. Weka redio mezani, kabati, sufuria zinazong'aa. Ukichora kibanda kinachovuja, watoto watasema kanga inashonwa kwa sababu hawana hela, na yule ambaye kwao nguo hushonwa ataona aibu. Katika nyumba yenye uwezo, kushona kunaonekana kuwa uamuzi.

3. Shona. Kata jalada la sentimita 30 kwa 21.5, likunje, ingiza kurasa. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari: moja katikati kabisa, mengine sentimita 4 kutoka kila ncha. Anzia ndani: sindano itoke tundu la kati, iingie la juu, iruke la kati na kutoka la chini, kisha irudi ndani kupitia la kati. Ncha mbili za uzi zipite huku na huku ya uzi mrefu wa ndani ndipo ufunge fundo, la sivyo mshono utalegea. Kurasa za kati zitachomoza kidogo; zipunguze kwa wembe baada ya kushona.

4. Soma mara ya kwanza bila maneno. Watoto wasizidi 8, wakae nusu duara. Picha ya ukubwa huu haionekani vizuri zaidi ya mita moja na nusu. Shika kitabu kando ya bega, si mbele ya uso. Uliza "Unaona nini?" kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Swali la "Je, ni vizuri kutunza vitu?" halina faida, watajibu "Ndiyooo" kwa pamoja na somo litakuwa limekwisha. Anayejua kila jibu mpe kazi ya kufunua kurasa.

5. Mara ya pili, siku nyingine. Wataje kazi za kanga kwa mpangilio, kisha uliza: "Kwa nini hawakuitupa hapa?" ukionyesha picha ya kuchanika. Wakikuuliza kwa nini mama asinunue mpya, usiwakatize. Mrudishe muulizaji kwenye picha, awaambie wenzake mama angepata nini na angepoteza nini.

6. Mara ya tatu, na kitu chenyewe. Leta kanga kuukuu, waitafute pindo, mji na jina. Wafundishe kuviringa kata, na kila mmoja atembee hatua kumi na kitabu cha darasani kichwani.

Baada ya hapo kila mtoto achore picha mbili za kitu kilichopo hapohapo, kilikuwa nini na sasa ni nini: ndoo ya rangi iliyopandwa maua, chupa ya maji iliyokatwa ikawa kopo la penseli. Usiwaagize walete vitu vya nyumbani. Watalinganisha nani ana nini. Wengine watachora baiskeli wanayoitamani. Iache karatasi hiyo, ila waombe picha ya pili: baiskeli hiyo itakuwaje ikichakaa?