Namna ya kuchagua hoteli tulivu ya hadhi Mtwara kwa safari ya ghafla ya hifadhi ya bahari

Safari ya kwenda Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mara nyingi huamuliwa zikiwa zimebaki siku mbili tatu: likizo fupi imejitokeza, au wageni wamefika kutoka Dar es Salaam na watoto wao hawataki kusikia habari nyingine isipokuwa bahari. Kwa haraka hiyo wengi hufungua picha za hoteli kwenye simu, wakachagua ile yenye bwawa la kuogelea linalong'aa, na usiku wa kwanza wakagundua kwamba bwawa hilo limepakana na ukumbi wa harusi. Picha haina sauti. Anayetafuta utulivu apige simu mapokezi na kuzungumza na mtu, na swali lake la kwanza lihusu kelele, bei ifuate baadaye.

Kabla ya simu hiyo, amua utalala upande gani. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2000, iko kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara, na ufukwe wake unaojulikana zaidi, Msimbati, uko takriban kilomita 45 kutoka mjini, kwa njia ambayo sehemu yake huweza kuwa na mchanga unaopunguza mwendo hata wa gari lililoinuka juu. Ukilala Msimbati kwenyewe utapata ukimya ambao mjini haupo, lakini huduma ni chache na za kawaida, na anayesafiri na mzee au mtoto mchanga atajikuta mbali na hospitali na maduka ya dawa. Shangani, upande wa mji unaoelekea baharini, ndipo penye uwiano mzuri: hewa ni safi, nyumba zimeachana, na asubuhi unaondoka mapema kwenda hifadhini. Hoteli zilizo karibu na stendi ya mabasi, hata zikiwa na vyumba vizuri kiasi gani, ningeziacha, kwa sababu mabasi ya Dar es Salaam huanza kuunguruma na kupiga honi kabla jua halijachomoza.

Mikindani, umbali wa kilomita kama kumi kutoka Mtwara, ina sifa ya pekee. Huko liko boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895 na baadaye likakarabatiwa kuwa hoteli, na kuta nene za majengo ya namna hiyo huzuia sauti na joto kuliko tofali jembamba la siku hizi. Mpenda historia atafurahi pia kukumbuka kwamba David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Ila Mikindani iko upande wa pili wa Mtwara, si upande wa hifadhi; na ghuba yake ina mikoko na tope, hivyo maji yakipwa usitegemee kuogelea mbele ya hoteli. Adhana ya alfajiri husikika vizuri katika mji huo wa kale. Mimi siihesabu kuwa kelele, lakini mwenye usingizi mwepesi aijue mapema asije akailalamikia mapokezi.

Sasa kelele zenyewe. Inayosahaulika kuliko zote ni jenereta. Umeme ukikatika usiku, hoteli ya hadhi itawasha jenereta ndani ya dakika chache, na mgeni aliyelipia kiyoyozi atashukuru, isipokuwa yule ambaye dirisha lake linatazama kibanda cha jenereta hiyo. Pampu ya maji nayo ni hivyo hivyo: hoteli nyingi huwasha pampu alfajiri kujaza simtanki lililo juu ya mnara, na chumba kilicho chini ya mnara huo hutetemeka kuanzia saa kumi na moja. Mambo haya hayana uhusiano na bei. Nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita na bustani inaweza kuwa tulivu kuliko hoteli ya ghorofa tatu yenye kumbi mbili za mikutano.

Zingatia pia upepo. Wakati wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, sauti ya spika iliyo kusini mwa chumba chako huletwa moja kwa moja hadi kitandani. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba baa iko mbali. Uliza iko upande gani.

Mazungumzo na mapokezi yawe ya heshima lakini yasiwe ya kuzungukazunguka. Baada ya salamu unaweza kusema: "Dada, naomba unisaidie jambo moja. Jenereta ikiwashwa, ni vyumba gani vinaisikia zaidi?" Ukijibiwa kwamba hakuna kinachosikia, uliza tena kwa njia nyingine: "Wewe ungemlaza mama yako chumba namba ngapi?" Swali hili hufungua mdomo wa mfanyakazi kwa namna ya ajabu, na mara nyingi utatajiwa chumba cha mwisho cha nyuma, ambacho hakimo hata kwenye picha. Endelea kuuliza kama Jumamosi hiyo kuna sherehe ukumbini na mshereheshaji hufunga saa ngapi. Mapokezi wakisita kutaja saa, chukulia kwamba sherehe itakesha.

Msimu una uzito wake. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishaanza, wanunuzi, maofisa na madereva hujaa mjini, na malori yanayokwenda bandarini huweza kupita hata usiku. Safari ya ghafla katika miezi hiyo inahitaji uwe na hoteli mbili za akiba. Mwanzoni mwa Agosti maonesho ya Nanenane huko Ngongo, Lindi, huvuta watu wengi, na anayepanga kulala Lindi njiani asiende kwa kubahatisha. Baada ya mavuno, vijijini huwa na ngoma za jando na unyago zinazokwenda hadi asubuhi. Ni haki ya wenyeji, na kwa mgeni mwenye nafasi ni jambo la kushuhudia akikaribishwa. Lakini uliza kama kijiji cha jirani kina shughuli wiki hiyo.

Kuhusu malipo, kuchelewa si lazima kukuumize. Chumba kisichopata mgeni kufikia Ijumaa mchana ni hasara kwa mwenye hoteli, kwa hiyo ukipiga simu moja kwa moja na kutaja siku mbili au tatu, bei huwa inazungumzika kuliko ile iliyo kwenye mitandao ya kuweka nafasi. Itajwe kwa shilingi: kanuni za mwaka 2025 zimekataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Ulizia kama bei imejumuisha kodi na kifungua kinywa. Malipo ya awali yapeleke kwenye lipa namba yenye jina la hoteli, si kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiwa mkarimu kiasi gani, kisha udai risiti.

Ukifika, usishushe mizigo yote. Ingia chumbani, washa kiyoyozi, funga madirisha na usikilize kwa dakika moja; fungua bomba la maji ya moto pia. Kama kuna tatizo, omba kubadilishiwa hapo hapo, kwa upole, kabla vyumba vingine havijachukuliwa na wageni wa jioni.

Jambo la mwisho la kuuliza mapokezi ni saa za maji kujaa na kupwa, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoamua uamke saa ngapi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hukimbia mbali na kurudi kwa nguvu, na nahodha mzuri atakupangia kuzamia kwa miwani wakati maji yametulia. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kontroo namba (namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali), hivyo iombe siku moja kabla, ukiwa bado mjini kwenye mtandao mzuri, na umwambie mpishi akufungie chai na chapati usiku huo, kwa maana jiko la hoteli nyingi halifunguliwi kabla ya saa moja.