Kupima ponsi kwa ncha ya pamba: somo kwa wanaoanza staji Bukavu

Ponsi ina urefu wa kama sentimita 2.5 tu, katikati ya shina la ubongo. Neva zake ni ya 5 (hisia za uso, kutafuna), ya 6 (kupeleka jicho nje), ya 7 (misuli ya uso) na ya 8 (kusikia, mizani). Hapa tunapima ya 5 na ya 7.

Sokota pamba safi mpaka itoe ncha nyembamba. Aliye macho mwambie atazame juu, upande wa pili. Wewe lete pamba kutoka ubavuni. Ukija mbele atafumba kwa kuiona, na hapo umepima kuona, si neva ya 5. Aliyezimia, mwinue kope taratibu.

Gusa konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) ukingoni mara moja, bila kusugua, maana inachubuka. Kosa la kila siku ni kugusa weupe wa jicho, halafu faili linaandikwa "hakuna refleksi".

Sasa angalia macho yote mawili: kawaida yanafumba pamoja. Hisia inaingia kwa neva ya 5, amri inatoka kwa neva ya 7 za pande zote. Umegusa la kulia, hakuna linalofumba: shuku neva ya 5 ya kulia. La kushoto peke yake limefumba: neva ya 7 ya kulia. Gusa na la kushoto uhakikishe.

Majeruhi wa pikipiki usimgeuze kichwa kupima macho kabla shingo haijapimwa.

Swali: Munganga, pamba ikikosekana?
Jibu: Dondosha tone la serumu tasa ya chumvi kwenye konea.

Swali: Mboni ni ndogo kama ncha ya sindano. Ponsi imevuja damu?
Jibu: Inawezekana. Ila ulizia kwanza morfini na dawa za wadudu za shambani.

Swali: Macho yote yanashindwa kwenda kulia, na nusu nzima ya uso wa kulia imelegea, hata paji. Kwa nini pamoja?
Jibu: Nyuzi za neva ya 7 zinazunguka kiini cha neva ya 6 (chanzo chake ndani ya ponsi, kinachopeleka macho yote upande huo) kabla ya kutoka. Kidonda kidogo hapo kinakamata vyote. Mkono na mguu wa kushoto vikilegea pia, kidonda kimefika mbele, kwenye njia ya misuli ambayo itavuka chini, kwenye medula (sehemu ya chini ya shina la ubongo).

Swali: Hasemi, hasogei, ila anapepesa macho tukimwita.
Jibu: Mwambie atazame juu, kisha chini. Akitii, hajazimia: mbele ya ponsi pameharibika, mara nyingi ateri ya basila (mshipa unaoleta damu kwenye ponsi) imeziba. Anasikia yote. Mwite daktari mara moja, na mpatane naye: kupepesa mara moja ndiyo, mara mbili hapana.